Rimoti ya gari imekufa betri: utumie hivyo hivyo, ubadilishe mwenyewe, au umpe fundi?

Foleni ya pantoni pale Magogoni ina mwendo wake. Unasogea urefu wa gari mbili, unazima injini, unasubiri, unawasha tena. Jioni ile, mara ya nne au ya tano, nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe, Toyota Vanguard yangu ikakaa kimya. Kwenye dashibodi kitaa cha ufunguo kikapepesa. Nikabonyeza tena, na tena. Nyuma yangu Noah ikaanza honi, bajaji zikanipita kulia na kushoto kana kwamba nimeegesha.

Muuza korosho mmoja akainamia dirishani.

"Dada, rimoti hiyo imekwisha betri. Kanyaga breki. Haya, ishike rimoti yenyewe uibandike pale kwenye kitufe, upande wenye nembo ya Toyota."

Nikabandika. Kukalia mlio mfupi.

"Sasa bonyeza."

Gari likawaka. Yule kijana akacheka huku akinitafutia chenji: "Nyie wa magari ya kubonyeza mnanipa kazi ya pili hapa."

Nililipia korosho paketi mbili, na katika wiki zilizofuata nikapitia karibu kila njia ya kushughulika na rimoti iliyokufa, nyingine kwa kupenda, nyingine kwa kuingizwa mjini. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mwenye gari la mtumba kutoka Japani kama langu, ambaye kitabu cha gari lake, kama kipo, kimeandikwa Kijapani kitupu.

Kwanza, ni betri ipi iliyokufa?

Betri ziko mbili, na watu huzichanganya kila siku. Jirani yangu alibadilisha betri ya rimoti mara mbili kwa siku moja, gari likagoma kufunguka. Lilikuwa limesimama wiki tatu bila kuwashwa. Kilichokufa ni betri kubwa iliyo chini ya boneti.

Kupima ni rahisi. Ingia ndani kwa ufunguo wa chuma, utazame taa ya darini na upige honi. Taa ikiwaka vizuri na honi ikilia kwa nguvu zake, betri kubwa ni nzima, shaka ihamie kwenye rimoti. Dashibodi ikiwa giza au taa imefifia kama kibatari, rimoti haina kosa. Tafuta nyaya na gari la kukubusti.

Kuna na mtuhumiwa wa tatu: mahali ulipo. Karibu na minara ya redio na televisheni, viwanja vya ndege, hata baadhi ya vituo vya mafuta, mawimbi ya rimoti humezwa na mengine. Sogea, uitenge na simu uliyoishika nayo pamoja, ujaribu tena kabla ya kuingia gharama.

Betri ya rimoti haifi ghafla kama tunavyosimulia. Hutoa taarifa. Uliyezoea kufungua gari kutoka mlango wa duka, sasa inabidi ulisogelee. Ubonyezo mmoja unakuwa miwili. Kile kitaa chekundu cha rimoti kinafifia. Mimi taarifa hizo nilizipata mwezi mzima nikadhani ni vidole vyangu. Baridi nayo huwahi kuiumbua betri iliyochoka: rimoti inayofanya kazi Dar inaweza kugoma Makambako asubuhi ya Julai, ukaishika kiganjani dakika chache ikapata joto, ikakupa mibonyezo miwili mitatu ya mwisho.

Kuitumia ikiwa imekufa

Hii ndiyo njia ambayo wengi hawajui kuwa ipo, na ndiyo inayofanya njia nyingine zote zisiwe za haraka.

Ndani ya rimoti wanaishi wapangaji wawili wasiotegemeana. Mmoja ni kirusha mawimbi. Huyu ndiye anayekula betri: anafunga na kufungua milango, anaitikia gari linapouliza "upo?". Mwingine ni chipu ndogo isiyo na betri kabisa. Ukiisogeza karibu sana, sentimita chache tu, koili iliyofichwa kwenye kitufe cha kuwashia huipa nguvu ya kutosha kusema namba yake ya siri. Gari likiitambua namba, linawaka. Ndiyo maana kijana wa korosho alitaka nibandike: kwa chipu, mkoba ulio kiti cha pembeni ni mbali mno.

Kila gari lina mahali pake pa kubandika. Toyota nyingi za kubonyeza ni kama yangu: mguu kwenye breki, nembo ya rimoti iguse kitufe, usikie mlio, ubonyeze ndani ya sekunde 10. Nissan za kubonyeza, Mazda na Subaru zinafanana na hapo, tofauti ni upande gani wa rimoti unaogusa. Prius za 2004 hadi 2009 zina tundu la kuchomeka rimoti nzima. Kuna na Nissan na Mazda za kizungusho, zile ambazo penye tundu la ufunguo pana kishikio cha plastiki cha kuzungusha: kishikio au kifuniko chake hutoka, ukachomeka ufunguo wa chuma. BMW nyingi zimewekewa alama pembeni ya usukani. Na mwenye IST au Probox ya ufunguo wa kuzungusha hana haja ya haya yote. Achomeke, azungushe, aende zake. Kwake betri ikifa anachopoteza ni kufungua mlango kwa mbali tu.

Mlango unafunguliwa na ufunguo wa chuma uliojificha ndani ya rimoti. Tafuta kilachi, kile kifungio kidogo pembeni, ukisukume, ufunguo uvute. Hapa ndipo njia hii inapoonyesha udhaifu. Tundu la mlango ambalo halijaguswa tangu gari lilipokuwa Japani, kisha likakaa miaka na chumvi ya bahari yetu, linaweza kuwa gumu kama kufuli la msafara. Langu lilikubali siku ya pili baada ya kupuliziwa dawa ya kulainisha. Magari mengine huficha tundu chini ya kifuniko kwenye kishikio cha mlango. Mengine hupiga king'ora ukifungua kwa chuma, na kwa kawaida king'ora hunyamaza gari likishawaka. Jaribu leo gari likiwa nyumbani, uone lako liko kundi gani, kuliko kujifunza usiku mbele ya geti la watu.

Mimi nilikaa siku tisa kwa mtindo huu. Haukuniharibia chochote. Kero yake ni ndogo ndogo: mikono imejaa mifuko ya sokoni, mvua inanyesha, na wewe unahangaika na kilachi. Lakini ni bure, na unakupa muda wa kutafuta betri sahihi badala ya kukubali yoyote utakayopewa.

Kioski cha saa na simu

Kukubali yoyote utakayopewa ndiko kulikonitokea. Kioski kimoja cha kutengeneza saa, sikitaji, kilifungua rimoti yangu kwa ustadi kabisa. Ndani mlikuwa na CR1632. Fundi hakuwa nayo. Akachukua CR1620, akararua karatasi ya kung'aa kutoka pakiti ya sigara, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya betri, akafunga. Kitaa kikawaka. Nikalipa, nikamshukuru, nikaondoka nikijiona mjanja.

Siku ya tatu nikaruka tuta. Rimoti ikafa. Nikaigonga kwenye goti, ikafufuka. Tuta jingine, ikafa tena.

Sababu imeandikwa kwenye betri yenyewe. Namba nne zile ni vipimo: mbili za kwanza ni kipenyo kwa milimita, mbili za mwisho ni unene kwa sehemu za kumi za milimita. CR1632 ni milimita 16 kwa 3.2. CR1620 ni 16 kwa 2.0. Nafasi ya milimita 1.2 ilikuwa imezibwa na karatasi ya sigara. Herufi C inaeleza aina ya kemikali, lithiamu ya volti 3, na R ni umbo la duara.

Kwa upande mwingine, mafundi wa saa na simu wana kitu ambacho huna nyumbani: mita. Betri mpya ya volti 3 husoma kati ya 3.0 na 3.3. Yangu ya zamani ilisoma 2.6. Omba ipimwe mbele yako, ingawa betri iliyochoka yaweza kusoma vizuri ikiwa haifanyi kazi, kisha ikaanguka mara inapobebeshwa mzigo. Kipimo kibaya kinathibitisha ubovu. Kipimo kizuri ni dalili njema tu.

Kioski kinakufaa kama wewe ni mwoga wa kufungua vitu vidogo na una betri yako mkononi tayari. Usiiache rimoti ukasema nitapitia jioni. Kaa hapo.

Kubadilisha mwenyewe

Baada ya karatasi ya sigara nilikwenda Kariakoo, nikanunua CR1632 iliyofungwa kwenye kadi yake kwa shilingi 3,000, nikarudi nyumbani, nikatandika kitambaa cheupe mezani ili kitakachoruka kionekane.

Chomoa ufunguo wa chuma. Mahali ulipotoka pana mfereji. Funga ncha ya bisibisi bapa ndogo kwa kitambaa au selotepu, ingiza pale, zungusha taratibu kama unayefungua kopo la rangi, usisukume kwa nguvu. Plastiki italia "tak" na kava litaachana nusu mbili. Zipo rimoti za zamani zenye skrubu ndogo ndani, hizo zinataka bisibisi ya saa.

Kabla hujagusa kitu, piga picha. Betri ikitoka ndipo watu husahau kama alama ya kujumlisha ilitazama juu au chini, na ukiigeuza haitafanya kazi. Itoe kwa kijiti cha meno badala ya kitu cha chuma, usije ukaunganisha pande zake mbili au ukapinda vile vibati vinavyoishika. Vibati vikiwa na kutu ya kijani, jambo la kawaida kwa rimoti iliyowahi kufuliwa ndani ya suruali au kukaa karibu na bahari, vifute kwa pamba yenye spiriti. Futa na betri mpya kwa kitambaa kikavu, iweke, bonyeza kava mpaka ilie tena.

Dakika tano, na tatu kati ya hizo nilikuwa natafuta miwani.

Hasara ya njia hii ni moja: ukilazimisha, unavunja kava au unang'oa kipande cha bodi, ile sahani ya umeme iliyo ndani ya rimoti, na hapo umehama kutoka tatizo la shilingi 3,000 kwenda tatizo la ufunguo mzima. Kava likigoma, simama, uligeuze, utafute mfereji ulipo.

Fundi wa funguo na kampuni

Nilimpigia fundi wa funguo kabla sijabadilisha mwenyewe, kuuliza tu. Akanitajia shilingi 50,000: betri pamoja na "kuprogramu upya, maana betri ikitoka ufunguo unasahau gari."

Hausahau. Namba ya siri imehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme, na gari nalo linaikumbuka kivyake. Kwa magari mengi hayo ya Kijapani tunayoendesha, ukibadilisha betri hakuna cha kuprogramu. Zipo gari chache ambazo baada ya betri mpya hutaka uzifungue na kuwasha mara moja kwa ufunguo ule ili rimoti iamke, na hilo unalifanya mwenyewe bila kompyuta. Atakayekwambia habari ya kuprogramu kabla hajajaribu betri mpya, mwambie asante kaka, nitakupigia.

Fundi huyu huyu, hata hivyo, ndiye mtu wako katika hali tatu. Betri mpya ni sahihi, vibati ni safi, kitaa bado hakiwaki: bodi ina tatizo. Vibonyezo vimetoboka au kava limevunjika: anaweza kuhamishia bodi yako kwenye kava jipya, na chipu ihamishwe nayo, maana kwenye baadhi ya funguo imekaa peke yake pembeni na huachwa kwenye kava la zamani kwa bahati mbaya, kisha gari likagoma. Na ya tatu ni ufunguo wa pili, nitaufikia.

Kampuni inayouza magari mapya ya chapa yako itakufanyia kazi safi zaidi na kukupa karatasi. Kwa kubadilisha betri tu, naona ni kumwita daktari bingwa aje kukata kucha. Kama gari lako lilinunuliwa kwao na bado lina dhamana, hilo ni jambo jingine. Nenda huko huko.

Betri ipi

Usinunue kwa kukariri orodha ya mtandaoni, wala hii yangu. Fungua, soma namba iliyochongwa kwenye betri au chini yake, ununue namba hiyo hiyo. Toyota nyingi za rimoti za kubonyeza za umri wa langu zinatumia CR1632, na mpya zaidi mara nyingi CR2032. Nissan na Mazda nyingi ni CR2025 au CR2032. Lakini ndani ya modeli moja mambo hubadilika mwaka hadi mwaka.

| Namba | Kipenyo na unene (mm) | Umeme inaobeba kwa kawaida, takriban (mAh) |
|---|---|---|
| CR1620 | 16 × 2.0 | 75 |
| CR1632 | 16 × 3.2 | 130 |
| CR2016 | 20 × 1.6 | 90 |
| CR2025 | 20 × 2.5 | 160 |
| CR2032 | 20 × 3.2 | 220 |

Zote ni volti 3. Jedwali linaeleza kwa nini fundi hupenda kubadilishana 2025 na 2032: kipenyo ni kimoja. Nyembamba mahali pa nene inacheza na kudumu muda mfupi. Nene mahali pa nyembamba inapinda vibati. Kuna na mtego wa LIR2032, umbo moja na CR2032 lakini ni ya kuchaji, na ikijaa hufika volti 4.2. Usiitie kwenye rimoti.

Kuhusu chapa, Panasonic, Maxell, Murata, Energizer na Duracell ni majina yanayoaminika, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo yanayoigizwa. Naangalia kadi iliyofungwa, tarehe ya mwisho, na maandishi yaliyochongwa vizuri kwenye chuma. Betri za lithiamu hutunza chaji miaka mingi, kwa hiyo ya mwaka jana si mbaya. Mbaya ni ile iliyomwagwa kwenye kikopo pamoja na wenzake, zinagusana kutwa nzima. Baadhi zimepakwa dawa chungu ili mtoto aziteme. Ni nzuri kwa nyumba yenye watoto, ila dawa hiyo ikikaa vibaya inazuia mguso. Rimoti isipowaka, izungushe betri kidogo ndani ya nafasi yake kabla hujailaumu.

Hapo kwa watoto sipiti haraka. Betri bapa ikimezwa na kukwama kooni huunguza nyama, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya muda wa saa mbili. Zenye kipenyo cha milimita 20 ndizo hatari zaidi kwa mtoto mdogo, hata ile "iliyokufa", kwa sababu bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Ukishuku mtoto amemeza, ni hospitali papo hapo apigwe eksirei. Usimtapishe. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja anaweza kupewa asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, lakini safari isisubiri asali. Betri uliyotoa ifunge selotepu pande zote mbili saa hiyo hiyo, kabla hata hujafunga kava.

Ufunguo wa pili

Magari mengi ya mtumba hufika na ufunguo mmoja. Langu lilifika na mmoja. Hapa ndipo nilipotoa hela kwa fundi wa funguo bila kunung'unika, nawe itoe sasa, wakati huo mmoja upo hai. Kuongeza ufunguo kwenye gari lenye ufunguo mzima ni kazi ndogo. Kutengeneza wa kwanza baada ya yote kupotea ni kazi kubwa, na bei yake ni nyingine kabisa. Fanya hivyo ukiwa umesimama pale pale, maana kifaa kilichochomekwa kwenye gari lako kinaweza kuandikisha funguo mbili kwa urahisi ule ule wa moja. Ukimaliza, mwambie akuonyeshe idadi iliyosajiliwa.

Ufunguo huo wa akiba usiuweke juu ya televisheni, karibu na kompyuta, wala pembeni ya chaja ya simu. Rimoti hizi husikiliza mchana na usiku, na mawimbi ya vifaa hivyo huziamsha bure. Toyota husema betri hudumu mwaka 1 hadi 2. Ukiitesa hivyo, haifiki. Ukining'iniza funguo kwenye ukuta unaopakana na gari lilipoegeshwa ni vivyo hivyo.

Baadhi ya rimoti za Toyota zina hali ya kulala: shikilia kibonyezo cha kufunga bila kukiachia, kisha bonyeza cha kufungua mara mbili. Yangu ya pili ilipepesa kitaa mara 4, ikanyamaza. Kuiamsha ni kubonyeza kibonyezo chochote. Ipo kwa mama, ndani ya kopo la vifungo, pamoja na CR1632 moja ambayo bado imo kwenye kadi yake.